Umefika, Masatu

Asubuhi ile Dorotea aliamka mwenyewe, na hilo ndilo lililomtisha.

Kwa miaka miwili alikuwa haamki, anaamshwa. Mama yake, Bi Recho, alimwamsha kwa kugonga kuta, kwa kuburuta masufuria, kwa kupiga kelele kwamba kuna wezi darini, au kwa kusimama mlangoni bila nguo akidai amechelewa sokoni wakati hata jogoo hajawaza kuwika. Dorotea alishazoea kulala jicho moja wazi. Sasa jua lilikuwa limeingia dirishani mpaka juu ya mto, redio ya jirani ilikuwa inamalizia taarifa ya habari, na nyumba nzima ilikuwa kimya.

Amekufa, aliwaza. Wazo la pili lilikuja palepale, kabla hajalizuia: basi hata kesho nitalala. Aliona aibu, akajifunga kanga, akakimbilia chumba cha pili.

Bi Recho hakuwa amekufa. Alikuwa amekaa kitandani, nywele zimechanwa vizuri, anatabasamu kama bibi harusi. Pindo la gauni lake la kulalia lilikuwa limelowa, na katikati ya vidole vya miguu kulikuwa na mchanga.

Dorotea alikwenda kutazama mlango wa nje. Kufuli lilikuwa mahali pake. Akapeleka mkono kifuani. Ufunguo nao ulikuwepo, kwenye uzi, anaolala nao siku zote. Amemwaga ndoo, alijisemea, maana mtu aliyechoka haishiwi maelezo. Lakini alipoinama kumfuta mama miguu, harufu iliyompanda puani haikuwa ya ndoo wala ya mkojo. Ilikuwa harufu ya nyavu zilizokaa majini muda mrefu.

Watu wa Mwigobero, soko la kando ya ziwa, wanamkumbuka Bi Recho akiwa na meza ya dagaa na ulimi mkali. Alimjua kila mteja, mama yake mteja, na sababu iliyomfanya mteja asiolewe mapema. Ugonjwa ulianza na chai. Siku moja alitia chumvi badala ya sukari, wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Baadaye yakamtoka majina ya wajukuu, kisha njia ya chooni. Halafu akapanda basi peke yake, akakutwa Manyamanyama, Bunda, akiwauliza watu njia ya kwenda Mwigobero kana kwamba ni nyumba ya tatu kutoka pale. Ndipo kufuli likanunuliwa, na Dorotea akaihamisha cherehani yake kutoka sokoni, akarudi nyumbani kuwa mlinzi, mpishi na muogeshaji.

Alikuwa na mdogo wake, Clever, aliyekuwa Dodoma na kazi ya ofisini na ushauri mwingi. "Dada, muwekee nyimbo za zamani." "Dada, mpe matunda." "Dada, nimesoma kwamba wanahitaji uvumilivu." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Clever aliubeba mzigo ule kwa simu.

Lakini hata usiku haukuwa mbaya kuliko magharibi. Jua likianza kuzama, Bi Recho alizunguka chumbani huku akikunjakunja pindo la kanga, halafu swali likaja: "Masatu amekuja?"

Masatu alikuwa mume wake, baba yao kina Dorotea, mvuvi. Alizama miaka mingi iliyopita. Mtumbwi ulirudi, yeye hakurudi, na ziwa halikumtoa. Kwao Bugwema, mtu ambaye ziwa limekataa kumtoa huzikwa kwa tunda la mwegea, lile tunda refu na zito kama mguu wa mtu. Walilifunga tunda ndani ya shati lake, wakalishusha kaburini, na mjane akasimama ukingoni akasema maneno ambayo mjane pekee ndiye huyasema: "Umefika, Masatu. Safari imekwisha." Tangu hapo marehemu hatajwi kama mtu aliye njiani. Haachiwi chakula, wala haulizwi kama atarudi. Bi Recho mwenyewe alikuwa mkali sana kwa jambo hilo, mpaka ugonjwa ulipomsahaulisha kwamba aliwahi kusimama kwenye kaburi lile.

Mwanzoni Dorotea alimjibu ukweli. "Baba alikufa, mama." Na kwa Bi Recho, kila mara, hiyo ilikuwa habari mpya. Alijitupa chini, alilia kilio cha siku ya kwanza, akauliza kwa nini hakuambiwa, maiti iko wapi, nani amepewa taarifa. Baadaye kidogo alinyanyuka, akafuta kamasi, akauliza: "Masatu amekuja?" Dorotea alijiona anamuua baba yake kila jioni.

Jirani yao Gloria, ambaye ni nesi, ndiye aliyemwonea huruma. "Dada, usibishane naye. Mwambie anakuja. Mtulize tu, utapona na wewe." Ushauri wake ni mzuri, na umesaidia nyumba nyingi. Ila Gloria kwao ni mbali na ziwa, na watu wake wote wamezikwa kwa miili yao.

Jioni iliyofuata mama alipouliza, Dorotea alisema, "Anakuja, mama. Yuko njiani." Bi Recho akatulia kama mtoto aliyepewa titi. Akataka sahani ya tatu. Dorotea akaandaa ugali na sato, akaifunika, akaiweka mkekani upande wa mlango. Usiku ule ndio aliolala mpaka jua likamfikia kwenye mto.

Asubuhi sahani ilikuwa imelambwa. Paka, alisema Dorotea, ingawa kifuniko kilikuwa kimerudishwa juu yake.

Siku zikaenda. Kila jioni alisema yuko njiani, kila asubuhi aliamka mwenyewe, na kila asubuhi gauni la mama lilikuwa limelowa juu zaidi kidogo: kifundoni, kwenye muundi, magotini. Alilifua, akalianika nyuma ya nyumba ambako majirani hawapiti, wala hakumwambia mtu. Nisimsemee uongo. Aliona, na alielewa kwamba kuna jambo, na alinyamaza kwa sababu alikuwa analala. Mashavu yalimrudi. Cherehani ilianza tena kulia mchana. Siku moja alijikuta anaimba akiosha vyombo, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Na mama alitunzwa. Kucha zake zilikatwa, na Dorotea hakuzikata. Vidonda vya mgongoni vilikauka. Alipakwa mafuta, akasukwa mabutu mawili ya kizamani ambayo Dorotea hakujua hata kuyaanza. Basi Dorotea, Mungu amsamehe, akaanza kuacha vitu mezani kabla ya kwenda kulala: kitana, chupa ya mafuta, taulo safi. Aliviacha kama mtu anayemwandalia mwenzake wa zamu.

Siku maji yalipofika kiunoni, Bi Recho alikataa sato. "Masatu ameshiba hizo samaki," alisema. "Anataka kamongo."

Mkono wa Dorotea ulisimama juu ya sufuria. Kamongo ni samaki wa matopeni, mrefu kama nyoka, na ukoo wa Masatu hawamli. Hawamshiki, hata sufuria iliyompika hawaiazimi. Baba yake aliwahi kukata wavu mpya kwa kisu kwa sababu kamongo aliingia ndani yake.

"Mama, nani ametaka kamongo?"

"Si nimekwambia. Masatu."

"Baba halagi kamongo."

Bi Recho alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi macho yake yalikuwa makini kabisa. "Unataka kulala," alisema kwa upole, "au hutaki?"

Kesho yake Dorotea alikwenda Mwigobero, akanunua kipande cha kamongo kwa muuzaji asiyemfahamu, akakificha chini ya mchicha. Alikipika mlango ukiwa umefungwa. Umeme ulikatika jua lilipozama, akaandaa sahani gizani, akasema maneno yake ya kila jioni, akaenda kujilaza na nguo zake. Aliapa kwamba safari hii hatalala.

Kwanza alisikia maji. Yalikuwa matone, mazito, yakidondoka kwenye sakafu ya sebuleni moja baada ya jingine kama mtu ametoka kuoga na amesimama hajui pa kukaa, halafu mkeka ukalia kwa uzito wa anayekaa, halafu kifuniko cha sahani kikawekwa chini taratibu, na harufu ile ya nyavu ikapita chini ya mlango ikamjia mpaka mdomoni, naye akajifunika shuka usoni na bado akaionja, na katikati ya sauti ya mifupa ya samaki ikivunjwavunjwa na meno akasikia mama yake anacheka, kicheko chembamba cha msichana, kicheko ambacho Dorotea hakuwahi kukisikia maishani mwake kwa sababu kilikuwa cha zamani kabla hajazaliwa.

"Yule mwingine amelala?" iliuliza sauti.

Ilikuwa sauti ya baba yake. Ila baba yake, kama mtu yeyote, alikuwa anavuta pumzi kati ya neno na neno.

"Amelala," alinong'ona Bi Recho. "Amechoka, maskini. Usimwamshe."

"Mwache alale. Jana maji yalikufika wapi?"

"Kiunoni."

"Uliogopa?"

"Niogope nini na wewe umenishika?"

"Leo kifuani," ilisema sauti. "Bado kidogo tutafika nyumbani."

Dorotea alitaka kuinuka. Alitaka kupiga yowe ambalo lingewaamsha watu mpaka Makoko, alitaka kuupiga teke ule mlango na kumshika mama yake kiuno na kumvuta, na mwili wote ulikuwa tayari, lakini usingizi ulimshukia mzito na mtamu, ukaanzia miguuni ukapanda tumboni kama maji ya uvuguvugu, na kabla haujafika machoni alijua kwamba angeweza kuukataa kama angetaka kwa nguvu zake zote. Mpaka leo hajui kama alitaka kwa nguvu zake zote.

Asubuhi gauni lilikuwa limelowa mpaka kifuani, na jani la gugu maji lilikuwa limenata chini ya shingo ya mama. Dorotea alichukua simu akampigia shangazi yake, Benedikta, dada wa marehemu Masatu, kule Bugwema. Shangazi alifika mchana kwa bodaboda. Hakukaa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akalishika gauni kwenye kamba, akalinusa.

"Ulimwambia nini mama yako?"

"Nilimwambia anakuja."

"Nani anakuja?"

"Baba."

Shangazi alifumba macho. "Na chakula mmempa?"

"Tumempa."

"Chakula gani, Dorotea?"

Shangazi aliingia jikoni, akafunua sufuria, akairudisha haraka kama imemchoma.

"Kaka yangu alikulaga kamongo?"

"Hapana, shangazi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

"Nilikuwa nalala, shangazi." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa nalala."

Benedikta alikuwa amekuja na maneno makali tangu Bugwema, na ni mwanamke asiyerudi na maneno nyumbani. Lakini na yeye alimuuguza mama mkwe wake mpaka mwisho. Alikaa chini sakafuni, akamvuta Dorotea, akamlaza kichwa mapajani.

"Kaka yangu alifika," alisema baadaye. "Tulimzika vizuri. Huyu si yeye. Kwenye ziwa kuna majini, na majini hayana jina. Ukisema fulani yuko njiani, na huyo fulani ameshafika, lile lisilo na jina linachukua jina lake na kuja."

"Tuite mchungaji?"

"Tutasali, tena sana. Lakini hii mlango aliifunga mjane kwa mdomo wake. Mdomo umesahau. Ni lazima aifunge tena."

"Atasahau kesho, shangazi."

"Basi na kesho ataambiwa."

Dorotea alielewa anachoambiwa, akatamani asingeelewa.

Jua lilipoanza kuzama walifunga madirisha, wakamkalisha Bi Recho katikati yao. Alikunja pindo la kanga. "Masatu amekuja?"

"Mama," alisema Dorotea, "baba alikufa. Alizama. Tulimzika Bugwema."

Bi Recho alipiga yowe. Alijipiga kifua, akamwita Dorotea mwongo, akamwita mchawi, akamng'ata mkono, na walipokuwa wanashindana naye chini matone yalianza kusikika barazani, na harufu ikaingia kwenye tundu la kufuli, na ile sauti isiyovuta pumzi ikasema kwa upole, karibu kabisa na mbao za mlango, "Recho. Maji leo ni mazuri," na bibi wa miaka sabini na ushee akawaburuta wanawake wawili wazima hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, huku shangazi akisali kwa sauti ya kukwama na Dorotea akimshika mama uso kwa viganja viwili na kumlilia, "Nitazame mimi, mama, nitazame, ulikuwa umevaa kitenge cheusi, nilikushika bega, uliniambia nisilie, mwambie ulichomwambia siku ile, mwambie."

Bi Recho alimtazama. Kitu kikapita usoni mwake polepole, na alipokikumbuka akazeeka palepale.

"Umefika, Masatu," alisema. "Safari imekwisha."

Matone yalikoma. Asubuhi walikuta barazani alama za miguu mikubwa, yenye maji. Zilikuja mpaka kizingitini, lakini za kurudi hazikuwepo. "Halijaenda mbali," alisema shangazi. "Linangoja mtu achoke."

Basi ndivyo walivyoishi. Kila magharibi Dorotea alimwambia mama yake kwamba mume wake amekufa, kila magharibi alimtazama akivunjika, na kila magharibi Bi Recho aliyasema maneno yake. Usiku kuta ziligongwa tena na masufuria yakaburutwa. Mashavu ya Dorotea yakarudi yalikotoka. Gloria aliposikia vilio alimwambia, "Dada, huo ni ukatili," na Dorotea alikubali kwa kichwa, kwa sababu kweli ulikuwa ukatili.

Krismasi Clever alikuja. Alimkuta dada yake amesinzia amesimama, kijiko mkononi, akaona haya ya kweli.

"Leo zamu ni yangu," alisema. "Nenda kalale."

Dorotea alimweleza yote, mpaka kamongo. Clever alisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa.

"Apa kwamba utamwambia ukweli."

"Dada, naapa."

"Hata akilia, Clever. Hasa akilia."

"Nimeapa jamani. Lala."

Alilala jua likiwa bado juu ya ukuta.

Dorotea aliamka mwenyewe.

Jua lilikuwa kwenye mto. Redio ya jirani ilikuwa inamalizia taarifa ya habari. Alibaki amelala huku akisikiliza, akitafuta sauti moja tu, ya sufuria, ya ukuta, ya tusi, na hakuna aliyempa. Clever alikuwa jikoni, anakunywa chai.

"Unaona?" alisema kwa furaha. "Hajasumbua kabisa. Na mimi nimelala kama gogo."

"Alipouliza ulimwambia nini?"

Clever aliweka kikombe chini. "Dada, nilianza. Nikamwangalia usoni, nikashindwa. Ni mama yangu. Nikamwambia anakuja." Sauti yake ilipungua. "Ni siku moja tu."

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu yake gauni limekunjwa vizuri, na lilikuwa limelowa lote, mpaka kola. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye uzi, shingoni mwa Dorotea.

Wavuvi wa Mwigobero walitafuta mpaka wakakata tamaa, ziwa halikumtoa. Walikwenda Bugwema na tunda la mwegea lililofungwa ndani ya lile gauni. Mjane wa kusema hakuwepo, kwa hiyo shangazi Benedikta akamsukuma Dorotea mbele. "Wewe ndiye uliyemlea. Sema." Clever alikuwa amepiga magoti nyuma yao, analia kwa sauti, na hakuna aliyemlaumu. Dorotea alisema: "Umefika, mama. Safari imekwisha."

Sasa analala anavyotaka, na hataki. Kila magharibi anafunga madirisha na kuyarudia maneno kwa sauti, ya baba kwanza, halafu ya mama, hata kama ana wageni. Barazani matone husikika kidogo, kisha hukoma. Shangazi amemwambia kwamba ilimradi anakumbuka, hakuna kitakachoingia.

Juzi Gloria alipita kumsalimia, akakaribishwa chai. Alikunywa funda moja, akakitazama kikombe, akakiweka chini polepole.

"Dada Dorotea," alisema, "umetia chumvi."

Dorotea akacheka. Alicheka sana.